Ufunguo wa Motokaa Kuukuu

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa aweke ubao tayari, na kila mmoja ashike kalamu yake, kwa sababu leo tutaandika tarakimu na kufanya hesabu kidogo. Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo kinachokaa mfukoni, nacho ni ufunguo.

Tuchukue mfano. Dereva mmoja wa Unguja ana gari kuukuu ya Kiingereza. Alfajiri amepakia ndizi na muhogo huko Mahonda, apeleke sokoni Darajani. Anatia mkono mfukoni, ufunguo haupo. Anatafuta chini ya kiti, anatafuta majanini, anawauliza watoto. Haupo. Jua linapanda. Ndizi hazingoji, na wenye ndizi wanamtazama. Mmoja anamwambia, "Ami, vunja kitasa, twende zetu." Mwingine anasema, "Kata waya uziunganishe." Dereva anakaa kimya. Akivunja kitasa leo, kesho gari yake italala wazi, na kitasa kingine cha gari ya umri ule si kitu cha kukipata dukani kila siku.

Basi dereva huyu afanye nini? Tutamwacha kidogo chini ya mwembe wake, tuitazame historia, halafu tutamrudia. Mtaona kwamba jawabu analo mbele ya macho yake.

MLANGO KABLA YA MOTOKAA

Watu wa Unguja walijua kufunga na kufungua zamani sana kabla ya motokaa. Piteni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Shangani, Kiponda au Malindi, mtazame milango ya kizamani. Mlango una mbao mbili, na katikati umesimama mfaa, ule mti ulionakshiwa ambao mbao hizo hukutana. Kwa ndani mlango hufungwa kwa komeo au pingo. Kwa nje huwekwa riza, yaani mnyororo wa chuma, ukashikwa na tumbuu, ndipo kufuli likatiwa.

Hata maneno yenyewe yanatufundisha historia. Neno "ufunguo" ni letu la asili, limetoka katika "kufungua". Neno "kufuli" limetoka katika Kiarabu. Neno "motokaa" limetoka katika Kiingereza. Kila mgeni aliyekuja pwani alileta chombo chake na jina lake, na sisi tukayapokea yote mawili.

VIJITI VYA MISRI NA PINI ZA YALE

Sasa tujiulize: kwa nini ufunguo huu unafungua mlango huu, na ufunguo wa jirani haufungui?

Jawabu ni la zamani sana. Katika Misri ya kale na nchi za jirani zake watu walitengeneza vitasa vya mti. Ndani ya kitasa mlikuwa na vijiti vilivyoanguka kwa uzito wao vikaingia katika matundu ya komeo, komeo likakwama. Ufunguo nao ulikuwa wa mti, mrefu, wenye vijiti vilivyosimama juu yake. Mtu aliuingiza, akaunyanyua, vijiti vya ufunguo vikavisukuma juu vijiti vya kitasa, na komeo likavutwa. Ufunguo wenye vijiti mahali pengine haukufaa kitu.

Miaka mingi ikapita. Katika mwaka 1861 fundi mmoja wa Marekani, Linus Yale mdogo, mwana wa fundi vitasa, alipata hati ya serikali kwa kitasa chake kidogo cha silinda. Akili yake ilikuwa ile ile ya Misri, lakini sasa vijiti vimekuwa pini za chuma zinazosukumwa na springi, na ufunguo umekuwa kipande chembamba bapa chenye meno upande mmoja. Ufunguo uliokuwa mzigo ukawa kitu cha kutia mfukoni.

Vitasa vya motokaa nyingi vilifuata njia hiyo. Badala ya pini, ndani yake mna vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja na kimo chake. Ukiingiza ufunguo wa haki, kila jino hukiweka kibamba chake mahali pake, vyote vikawa sawasawa, na silinda ikageuka. Kibamba kimoja kikibaki kimetokeza, hata kwa kiasi cha upana wa uzi, kitasa hukataa.

Shikeni neno hili, ndugu wanafunzi, kwa sababu ndilo kiini cha somo. Ufunguo si chuma tu. Ufunguo ni vipimo vilivyoandikwa juu ya chuma. Chuma kikipotea, vipimo havijapotea, maana bado vimo ndani ya kitasa.

MOTOKAA YAPATA UFUNGUO

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa Unguja walisafiri kwa punda, kwa mashua na kwa miguu, na mizigo ilisukumwa na mahamali kwa mikokoteni. Mwaka 1905 ilianza gari ya moshi baina ya mjini na Bububu, mwendo wa kiasi cha maili 7. Katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne motokaa nazo zikaanza kuonekana. Hazikuweza kuingia katika vichochoro vya mji, kwa hiyo zilikwenda katika njia pana za pembeni na barabara za shamba.

Motokaa za kwanza hazikuwashwa kwa ufunguo. Dereva alisimama mbele ya gari, akatia hendeli, akazungusha kwa nguvu. Injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli iliweza kumvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitia katika gari zake mashine ya umeme ya kuwashia injini. Lakini hata hapo kazi ya ufunguo, pale ulipokuwapo, ilikuwa kufungulia umeme tu, na dereva alibonyeza kitufe au kukanyaga kwa mguu ili injini iwake. Mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ilitoa gari ambayo ufunguo mmoja, kwa kugeuzwa tu, ulifungulia umeme na kuwasha injini pamoja. Baadaye gari nyingine zikafuata.

NAMBARI JUU YA KITASA

Viwanda viliona mapema kwamba watu hupoteza funguo. Kwa hiyo waliweka nambari. Ford Model T, gari iliyouzwa kwa mamilioni, ilipotiwa swichi ya ufunguo ilitumia funguo zenye nambari 51 mpaka 74. Andikeni: ni aina 24 tu. Nambari ilipigwa juu ya ufunguo na juu ya swichi pia, ili mwenye gari akipotelewa aisome na kununua mwingine.

Waingereza walifanya vivyo hivyo. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao tangu 1890 mpaka 1963, na gari nyingi zilizofika zilitoka kwao. Morris Minor na Land Rover zote mbili zilianza kuuzwa mwaka 1948. Katika gari nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 mtaona herufi FS na tarakimu tatu, kuanzia 876 mpaka 955.

Sasa tufanye hesabu. Toeni 876 katika 955. Mmepata 79. Ongezeni 1, kwa sababu ile ya kwanza nayo huhesabiwa. Zimekuwa 80. Basi aina za funguo zilikuwa 80 tu. Tuseme katika kisiwa zipo motokaa 800 za namna hiyo, na nambari zimegawanyika sawasawa. Gawanyeni 800 kwa 80. Mmepata 10. Maana yake, kila nambari ina gari kumi, na ufunguo wa moja utawasha zile tisa nyingine! Kwa hiyo dereva aliyepotelewa zamani aliweza kumwendea rafiki yake mwenye nambari kama yake, akaazima.

TUMRUDIE DEREVA WETU

Dereva wetu yuko palepale Mahonda. Swichi ya gari yake iko mbele ya usukani. Akiifuta vumbi kwa kitambaa, juu ya uso wa kitasa, kwa herufi ndogo sana, pamepigwa FS 912. Kila siku kwa miaka mingi ameingiza ufunguo pale pale, na maandishi yale hakuyaona kuwa maandishi. Aliyaona kuwa mikwaruzo.

Sasa amekwisha kujifunza kusoma. Anaandika FS 912 juu ya kipande cha karatasi, anampa kijana anayekwenda mjini, na pamoja na karatasi anatuma kadi ya gari. Ndizi zinahamishiwa gari nyingine. Kitasa hakikuvunjwa.

FUNDI NA TUPA YAKE

Kijana anafika kwa fundi wa kuchonga funguo. Fundi anazo njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuiga ufunguo mwingine. Fundi hubana ufunguo wa zamani na kipande kisichochongwa pamoja katika jiliwa, akafuata meno kwa tupa, au akatumia mashine. Njia hii ni nyepesi, lakini ina hatari. Ufunguo wa miaka 40 umekwisha kulika. Ukiuiga, unaiga na kulika kwake. Ukiiga nakala ya nakala, kosa linazaa kosa, kama habari ipitayo midomo kumi. Mwisho unapata ufunguo mpya unaong'aa, lakini hauwashi gari.

Njia ya pili ni nambari. Fundi mwenye orodha ya vipimo huona FS 912 imeandikiwa meno ya namna gani, akachonga kama ulivyotoka kiwandani siku ya kwanza. Nambari hailiki mfukoni. Ndiyo maana, ikiwa ufunguo mnao lakini umechakaa, mwambieni fundi achonge kwa nambari, asiuige ule mbovu.

Njia ya tatu hutumiwa wakati ufunguo haupo na nambari imefutika. Hapo ni lazima kukiuliza kitasa chenyewe. Fundi huchukua kipande kisichochongwa, akakipaka masizi ya kibatari, akakiingiza na kukigeuza kwa nguvu kidogo. Akikitoa, huona vidoa pale vibamba vilipogusa. Hapo hupiga tupa kidogo, akarudisha, akatazama tena. Ni kazi ya macho na subira. Akikata kupita kiasi mara moja tu, huanza upya.

Katika miaka ya 1970 bidhaa za nje zilikuwa adimu Unguja, na gari kuukuu haikutupwa, ilitengenezwa. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa zaidi, na baadaye zikaja kwa wingi gari zilizokwisha tumika kutoka Japani. Tangu miaka ya 1990 gari nyingi zina ufunguo wenye kijidude cha umeme ndani ya kichwa chake. Gari isipokitambua, injini haiwaki hata meno yakiwa sawa. Ufunguo wa namna hiyo hauchongwi kwa tupa peke yake. Mwenye gari kuukuu hana shida hiyo, kwani shaba na vipimo vyamtosha.

AMANA

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Nambari iliyomsaidia dereva wetu yaweza kumsaidia mwizi pia. Mwizi naye akisoma FS 912 dirishani, ataipata njia. Kwa sababu hiyo, viwanda baadaye viliacha kuipiga nambari mahali pa wazi, vikaificha.

Kwa hiyo fundi mwema huuliza, "Kadi ya gari iko wapi? Jina ni lako?" Msimkasirikie. Anayekuchongea bila ya kuuliza atamchongea na mwingine bila ya kuuliza. Nanyi mkipotelewa na ufunguo, toeni habari kituo cha polisi. Ikiwa mnadhani umeibwa, ufunguo mpya hautoshi, badilisheni na kitasa.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo jioni, mwenye gari au pikipiki kuukuu achukue kitambaa na taa, afute kitasa chake, atazame. Akiona nambari, aiandike katika daftari, na daftari alitie kashani nyumbani, si ndani ya gari.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kitasa cha mti cha Misri na kitasa cha Yale vimefanana wapi, na vimetofautiana wapi?
2. Funguo za nambari 51 mpaka 74 ni aina ngapi? Onyesheni hesabu yenu ubaoni.
3. Kwa nini si vizuri kuiga ufunguo uliolika?
4. Mtu asiyemjua fundi amekuja na nambari, lakini hana kadi ya gari. Anasema ana haraka, na mgonjwa anamngoja. Fundi afanye nini? Zungumzeni, kila mmoja atoe sababu yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.