Usiruke Nyaraka
Wasee wa kodi hapa Kisumu, historia kidogo. Mpaka 2019, ukiweka Rust kwa laptopu, rustup ilikushushia kompaila, Cargo na lundo la nyaraka, bila kukuuliza. Oktoba mwaka huo, toleo la 1.20 likaleta chaguo la "minimal": kompaila, maktaba ya msingi na Cargo, basi.

Kwa sisi wa bando, raha! Nikaikimbilia. Kumbe bando niliyookoa niliimaliza yote nikitafuta mtandaoni maelezo yale yale niliyoyaruka. Rahisi ghali.

Nyaraka zikiwa ndani, "rustup doc" inazifungua hata ukiwa Dunga bila neti. Siku ukipata Wi-Fi ya bure, andika "rustup component add rust-docs". Ruka vingine, lakini hizo beba.