Makumbusho ya Urithi Tanga
Makumbusho madogo jijini Tanga, Tanzania, ndani ya boma la zamani la Wajerumani karibu na bahari. Hazina yake kubwa ni picha za kale za mji. Wageni wengi huulizia mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo kikosi cha Uingereza kutoka India, askari wapatao 8,000, kilishindwa na jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lenye watu 1,000 hivi. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwauma askari wa pande zote. Yenye uzito zaidi, ingawa husimuliwa kidogo, ni shule ya serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliyoanzishwa mjini humo miaka ya 1890: ilifundisha kwa Kiswahili, ikatoa makarani, walimu na maakida (maofisa wa utawala wa wilaya), na mtambo wake wa uchapaji ukachapa gazeti la Kiongozi.