Saruji Newala: ogopa unyevu, sio baridi

Saruji inayotoka kiwandani Mtwara kwenda Newala na Masasi haiharibiki kwa baridi ya Juni na Julai. Baridi huchelewesha tu zege kushika. Adui wa unga ni unyevu, na Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, ukungu ukitanda asubuhi kila kitu hulowa hata kama mvua haijanyesha. Saruji ikinyonya unyevu huo inaanza kuganda humo humo mfukoni. Gundi ya vigae nayo ni hivyo hivyo.

Kwenye Fuso, funika mzigo kwa turubai lisilotoboka hata kama mnaondoka jua linawaka. Stoo, panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi 10 kwenda juu. Iliyoingia kwanza itoke kwanza, maana baada ya miezi 3 nguvu huwa imeshapungua.

Ukikuta mabonge, yabonyeze kwa vidole. Yakisagika kirahisi, huenda mfuko ulibanwa tu na uzito, utumie mapema. Yakigoma, saruji hiyo imeshaganda. Wapo mafundi wanaoichekecha na kutumia unga unaobaki, eti hasara kutupa kilo 50. Kwenye nguzo au lenta, usikubali.