Kocha wa viongozi kazini: anafanya nini hasa?

Msikilizaji wetu, ukisikia neno kocha huenda unamfikiria mtu anayesimama kando ya uwanja wa mpira akiwafokea wachezaji. Siku hizi benki, hospitali na mashirika mengi huwatafutia makocha mameneja na wakurugenzi wao pia. Hawa hawafundishi mpira. Humsaidia kiongozi kuifanya vizuri kazi ya kuongoza watu.

Sababu ni kwamba mtu hupandishwa cheo kwa kuwa hodari katika kazi yake. Muuguzi mzuri anafanywa kiongozi wa wodi, mwalimu mzuri anakuwa mwalimu mkuu. Lakini kuchoma sindano ni kazi moja, na kusimamia wauguzi kumi na wawili ni kazi nyingine. Asiposaidiwa, wanaoumia ni walio chini yake pamoja na wagonjwa au wanafunzi.

Ulikotoka

Ukocha wa kazini ulitoka michezoni. Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi, alitoa kitabu kiitwacho The Inner Game of Tennis. Alieleza kwamba mchezaji anayeelekezwa kila kitu hukakamaa, lakini akisaidiwa kuangalia mwenyewe anachofanya, hujirekebisha. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuendesha magari ya mashindano, aliipeleka njia hiyo makazini. Kitabu chake, Coaching for Performance, kilitoka 1992.

Anavyofanya kazi

Mkufunzi hufundisha. Mshauri hukupa jibu. Mkubwa wako kazini hukusimulia aliyoyapitia. Kocha kazi yake kubwa ni kuuliza na kusikiliza, na maswali yake mara nyingi hupita hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na utakachofanya.

Chukua mfano wa mwalimu mkuu ambaye walimu wake wanachelewa vipindi vya asubuhi. Kocha hamwambii awaandikie barua za onyo. Anamuuliza:

- Mwalimu, ungependa mambo yaweje mwisho wa muhula?
- Kwa sasa wanaochelewa ni wangapi, na wanatoka wapi?
- Umeshajaribu nini? Kuna njia gani nyingine?
- Utaanza na ipi, na lini?

Katika swali la pili mwalimu mkuu anaweza kugundua kwamba wanaochelewa wote wanatoka ng'ambo ya mto. Barua ya onyo isingejenga daraja, lakini kubadilisha ratiba ya vipindi kunaweza kusaidia.

Hata wakubwa wa dunia wametumia njia hii. Eric Schmidt alipokuwa mkuu wa Google aliambiwa atafute kocha, na mwanzoni hakupendezwa. Baadaye alisema huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote aliowahi kupewa. Kocha wake, Bill Campbell, aliwahi kufundisha timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, siri. Anayelipa mara nyingi ni mwajiri, lakini anayefungua moyo ni mfanyakazi. Kabla ya kuanza, watatu hao wakubaliane bosi ataambiwa nini na nini hataambiwa.

Pili, ujuzi. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita kocha. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, hutoa vyeti vya ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inahitaji angalau saa 100 za ukocha, ya pili 500, ya juu 2,500. Muulize anayejitangaza ana cheti gani na amefanya kazi na nani.

Tatu, mipaka. Mtu mwenye msongo mkubwa au huzuni isiyoisha anahitaji mtaalamu wa afya. Na fedha za chama cha ushirika zikipotea, mwenyekiti asitafutiwe kocha. Hapo anahitajika mkaguzi wa hesabu na mkutano mkuu wa wanachama.

Ada za makocha wengi ni kubwa kwa vikundi vyetu vya vijijini. Lakini maswali yale manne hayalipiwi. Viongozi wawili wa vikundi jirani wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akamuuliza mwenzake na kusikiliza bila kumkatiza. Mkutano unaofuata uanze na swali moja: ulisema utafanya nini, na umefanya?