Si Kila Kipigo ni Kubweteka

Oktoba 30, 2019, Simba iliingia Uwanja wa CCM Kambarage, Shinyanga, ikiwa bingwa mtetezi ambaye hajapoteza hata mechi moja ya ligi msimu huo. Ikatoka imelala 1-0 mbele ya Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, kwa bao la Gerald Mdamu. Shabiki wa soka hakuhitaji kamusi kutaja ugonjwa: Simba ilibweteka.

Ugonjwa huohuo umo ndani ya Football Manager, mchezo wa kompyuta unaomweka mtu kwenye kiti cha kocha, na Kiingereza chake ni complacency. Wapo wanaoutafsiri "kuridhika". Sikubaliani nao. Mchezaji anaweza kuridhika na mshahara, na kocha, hata na namba yake kikosini, na bado akakimbia dakika zote 90. Mchezo wenyewe unavitenganisha: furaha ya mchezaji ina ukurasa wake, ilhali kubweteka huonekana mechi ikiendelea, pale timu inapoongoza dhidi ya kibonde na wawili watatu wakaanza kuonyeshwa wamelegea. "Kudharau" nako hakutoshi, kwa kuwa dharau humlenga mpinzani. Aliyebweteka amejisahau yeye mwenyewe. Neno ni ndugu wa kukaa bwete: mtu ameketi akidhani kazi imekwisha.

Kinga huanzia mdomoni mwa kocha. Ukimwaga sifa kwa kuifunga timu ya mkiani, wiki inayofuata utazilipia. Mapumziko mkiwa mnaongoza, waambie umefurahi lakini hutaki kuona mtu akilegeza kamba. Usifoke, maana anayecheza vizuri akifokewa ari hushuka, nawe utakuwa umetibu ugonjwa mmoja kwa kuzua mwingine. Halafu kuna tabia zilizofichwa, kama weledi na kiu ya mafanikio, ambazo mchezo hauzitolei namba. Unazikisia kwa ripoti za maskauti. Wengi huzipuuza wakakimbilia kutazama kasi na mashuti. Kumbe nahodha mwenye weledi huwavuta wenzake, hasa chipukizi, wakaiga mwenendo wake.

Shida yetu ni kulibandika neno hili kwa kila timu inayoanguka. Geita Gold ilimaliza ya nne msimu wa 2021/22, George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, timu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ikashuka daraja. Ni rahisi kusema ilibweteka, lakini Mpole alikuwa ameshakwenda FC Lupopo ya Congo. Timu iliyoondokewa na mabao 17 imepungukiwa. Stand United nayo, Chama la Wana wa Shinyanga, iliingia kwenye mgogoro wa uongozi, mdhamini wake Acacia akajitoa mwaka 2016, na 2019 ikashuka. Huo ni mgogoro na ukata, na hakuna hotuba ya mapumziko inayoutibu, si Kambarage wala kwenye kompyuta.

Simba ya 2019 ilikuwa na kikosi, fedha na pointi, na msimu ulipokwisha ilichukua tena ubingwa. Watangazaji wetu, timu kama hiyo ndiyo mwiambie imebweteka. Inayopigania kubaki ligi kuu mtafutieni neno jingine.