Kijidudu Mlinzi wa Mti

Ukisikia neno bakteria, msomaji, mara moyo wako hukimbilia maradhi na mauti. Si ajabu, kwa maana sifa mbaya ya wachache imewaenea wote. Mithali husema kuwa samaki mmoja akioza huoza wote; lakini mithali hiyo haiwafai bakteria. Sikiliza habari hii upate kujua sababu.

Wakulima wa mipichi, milozi na mawaridi wamesumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa wa nundu. Uvimbe huota shinani na mizizini, na mche ulioupata ugonjwa huo ungali mdogo huweza kudumaa. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Marekani, Erwin Smith na Charles Townsend, walithibitisha kuwa chanzo chake ni bakteria akaaye udongoni. Adui huyu hungoja mche utiwe jeraha kwa kisu au jembe, akapenya humo na kuingiza sehemu ya urithi wake ndani ya chembe za mti. Tangu hapo mti hujiotesha uvimbe wenyewe, tena humpikia adui chakula. Hata akifa yeye, nundu huendelea kukua. Kwa hiyo kinga ni bora kuliko tiba.

Kinga hiyo ilitoka Australia. Allen Kerr, mzaliwa wa Uskoti, alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Adelaide. Alipochunguza udongo wa mashamba ya matunda, alikuta bakteria wabaya wakiishi pamoja na jamaa zao wasiodhuru. Penye miti migonjwa, wabaya walizidi. Penye miti mizima, wema walizidi. Akajiuliza: je, wema hawa ndio walinzi? Mmoja wao, aliyetoka katika udongo wa mpichi, alipewa namba 84. Mbegu na mizizi zilipochovywa katika maji yenye bakteria huyo kabla ya kupandwa, nundu zilipungua sana. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1972, na baada ya muda mfupi wakulima walianza kumtumia.

Siri yake ni nini? Bakteria huyo hutoa sumu inayofanana na chakula akipendacho adui. Adui huipokea kwa tamaa, akaangamia. Dawa ya moto ni moto.

Hata hivyo, kila silaha ina kasoro yake. Sumu hii haiwaui bakteria wote wa nundu. Tena iligunduliwa kuwa mlinzi huweza kumpa adui urithi wenye siri ya sumu hiyo, na adui akishaupata hadhuriki tena. Ni kama askari kumkabidhi mwizi ufunguo wa ghala. Wataalamu wa Adelaide walikata sehemu ya urithi iliyowezesha kukabidhiana huko, wakapata mlinzi mpya, ambaye wakulima wa Australia walianza kumtumia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1990 Kerr alitunukiwa Tuzo ya Australia pamoja na wataalamu wengine wawili.

Fikiri basi, msomaji. Kerr hakumuumba mlinzi huyo. Alikuwapo udongoni, akikanyagwa na kila apitaye. Tofauti ni kwamba Kerr hakutazama miti migonjwa tu, bali aliuliza pia kwa nini mingine ilikuwa mizima. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.