Mbwa wa Tajiri Hafungwi Mdomo

Leo wenye mbwa wa mijini hubishana juu ya kola ya shingoni na mkanda wa kifuani, kipi kinamuumiza mbwa na kipi kinamdekeza. Ubishi huo ni mwepesi ukiulinganisha na ule wa Waingereza wa enzi za Malkia Victoria, waliogombana kwa miaka mingi juu ya kitu kimoja: kikapu cha waya anachovalishwa mbwa mdomoni kabla ya kutoka barabarani. Mimi nilikuwa bwana mifugo mkoani Mara hadi nikastaafu, na kila nikisoma habari za ugomvi ule nasikia sauti za watu ninaowajua.

Kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua watu London kama kinavyoua kwetu. Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchoma sindano mtoto Joseph Meister, akapona, na tangu hapo Mwingereza aliyeng'atwa, kama ana nauli, alivuka bahari kwenda kwa Pasteur. Asiye na nauli alibaki kumwomba Mungu. Mwaka uleule ulipokaribia kwisha, polisi wa London waliamuru kila mbwa anayeonekana njiani afungwe mdomo. Ugonjwa ukapungua, amri ikaondolewa, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1889 amri ikarejea. Baadaye mambo yakaachiwa halmashauri za kaunti, na huo ulikuwa upuuzi mtupu: kaunti hii mbwa wamefungwa mdomo, ya jirani wanazurura wazi. Mbwa mwenye kichaa hajui mpaka wa halmashauri.

Wapinzani hawakuwa wajinga wote. Vifunga mdomo vya kwanza vingi vilikuwa vya mikanda ya ngozi, vikibana taya. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mfunge taya siku ya joto, mkimbize nyuma ya gari la farasi, utamuua. Kikapu cha waya kilikuwa nafuu, kwani ndani yake mbwa huhema na hata kunywa maji. Ufundi wa namna hiyo haukuwa mgeni. Mrumi Varro, katika kitabu cha kilimo alichoandika mwaka 37 kabla ya Kristo, anaeleza kola ya mbwa wa mifugo: ngozi ngumu iliyopigwa misumari ya kumzuia mbwa mwitu, na chini ya vichwa vya misumari imeshonewa ngozi laini ili chuma kisichubue shingo. Aliyebuni ile ngozi laini alikuwa mfugaji kwelikweli, siyo mtu wa ofisini.

Lakini walikuwapo pia waliodai kwamba kifunga mdomo chenyewe ndicho kinacholeta kichaa, kwa kumtesa mbwa hadi akili zimruke. Wengine walisema ugonjwa haupo, ni hofu tu ya watu. Hapo huwa nacheka peke yangu. Nimeambiwa na wazee wa heshima, kibaraza kizima kikisikiliza, kwamba sindano yangu ndiyo inayowatia mbwa wazimu, na kwamba mbwa aliyechanjwa hawindi tena. "Mwanangu," mmoja aliniambia, "huyu mbwa hajawahi kufungwa kamba tangu azaliwe. Leo unakuja kumfundisha utumwa?"

Huko Uingereza, mwaka 1891, kwenye maonyesho ya kwanza ya mbwa ya Crufts, kilianzishwa chama cha kutetea mbwa, na kati ya mambo kiliyoyapinga ni kuwafunga midomo bila sababu na kuwaacha minyororoni muda mrefu. Chama hicho bado kipo, siku hizi kinaitwa Dogs Trust.

Mwaka 1897 Walter Long, aliyeongoza Bodi ya Kilimo serikalini, alichukua madaraka mikononi mwake. Aliamuru vifunga mdomo katika maeneo makubwa, akabana pia uingizaji wa mbwa kutoka nje. Alichukiwa mno. Wenye mbwa waliunda chama cha kumpinga, barua zikamiminika. Kilichowachoma wengi, nami naona walikuwa na haki, ni msamaha uliokuwamo ndani ya sheria: mbwa wa mchungaji akiwa kazini, na makundi ya mbwa wa kuwindia mbweha, hawakulazimika kuvaa. Mbwa wa mchungaji sina neno naye. Lakini mbwa wa kuwindia ni starehe ya mabwana wenye farasi, na Long mwenyewe alikuwa mwenye ardhi wa Wiltshire aliyependa uwindaji. Kwa hiyo mbwa wa fundi viatu anayekwenda mpaka kona na kurudi alivaa waya, na makumi ya mbwa wa bwana mkubwa wakakata mashamba ya watu midomo wazi. Virusi havichagui ukoo.

Hata hivyo ilifanya kazi. Kufikia 1902 kichaa kilikuwa kimetoweka Uingereza. Kilirudi 1918, mbwa walipoingizwa kimagendo kutoka vitani, na ikachukua hadi 1922 kukiondoa tena.

Kisiwa cha Pemba kimepita njia hiyohiyo: ugonjwa ulikwisha 2014, ukavuka tena kutoka bara 2016, na mnyama wa mwisho mgonjwa akaonekana 2018. Tofauti ni kwamba Pemba walichanja mbwa. Ukichanja saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa pa kupita. Long hakuwa na chanjo ya mbwa. Alikuwa na waya tu, na kwa waya huo alifanya alichoweza.

Kwetu Mara, siku ya chanjo, mbwa huletwa na watoto. Wanakuja na kamba za katani, mpira wa tairi la baiskeli, kipande cha khanga, hata waya wa uzio. Mwenzangu mmoja alitaka tuwarudishe nyumbani wote waliofungwa waya, mpaka watafute kamba ya maana. Tulizozana naye sana chini ya mwembe, watoto wakitutazama. Mtoto akirudishwa haji tena, na mbwa wake hachanjwi. Mimi niliwachanja mbwa kwanza, ndipo nikamuuliza mtoto ule waya ameukata kwenye uzio wa nani.